Namna ya Kufuatilia Uthibitisho wa Mkuu wa Taasisi ya Mazingira: Mwongozo kwa Wasomaji wa Dodoma

Mwongozo huu umekusudiwa kwa waandishi wanaoripoti habari za Bunge, wanafunzi wa sheria na sayansi ya siasa katika vyuo vya Dodoma, na wanachama wa vikundi vya mazingira vya Kanda ya Kati ambao wangependa kujua jinsi chombo cha kutunga sheria kinavyoweza kumchuja mtu aliyependekezwa kuongoza taasisi ya mazingira kabla hajakabidhiwa ofisi. Mfano unaotumika ni wa Seneti ya Marekani na Wakala wa Ulinzi wa Mazingira wa nchi hiyo, unaojulikana kwa kifupi kama EPA. Nimeuchagua kwa sababu nyaraka zake nyingi zimewekwa wazi mtandaoni, kiasi kwamba mtu aliye Kondoa au Mpwapwa mwenye simu na bando anaweza kuzisoma bila kuomba kibali cha mtu yeyote. Tena kiti hicho kimepitia mivutano mikali, na katika mivutano ndipo kanuni za chombo cha kutunga sheria huonekana zinavyofanya kazi na pale zinapowekwa kando.

Wengi wanaofuatilia mchakato wa aina hii husubiri kura ya mwisho ukumbini na kuripoti nani ameshinda kwa kura ngapi. Kura hiyo hueleza machache kuliko hatua zote zilizoitangulia, kwa kuwa siku inapofika idadi ya kura huwa imekwisha kujulikana. Mambo ya maana husemwa katika tamko la mali, katika majibu ya maandishi na katika chumba cha kamati, na huko ndiko tutakakokaa kwa muda mrefu zaidi.

Kabla ya kuanza: fahamu nani ana mamlaka gani

Katiba ya Marekani, katika Ibara ya Pili, Kifungu cha Pili, inasema Rais atapendekeza majina na kuwateua maofisa wakuu kwa ushauri na ridhaa ya Seneti. Seneti ina wajumbe 100, wawili kutoka kila jimbo, na Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo halina sehemu yoyote katika uthibitisho. EPA ilianza kazi tarehe 2 Desemba 1970, wakati wa Rais Richard Nixon, na tangu mkuu wake wa kwanza, William Ruckelshaus, kila anayepewa kiti hicho rasmi hupitia Seneti.

Kwetu utaratibu ni mwingine, na msomaji asiyeufahamu huchanganya mambo. Ibara ya 36 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inampa Rais mamlaka mapana ya kuteua viongozi wa taasisi za Serikali. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC, lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kupewa nguvu mpya na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ambayo iliweka uteuzi wa Mkurugenzi Mkuu mikononi mwa Rais bila kulitaka Bunge lipige kura. Bunge la Dodoma huthibitisha jina la Waziri Mkuu kwa mujibu wa Ibara ya 51, na huthibitisha jina la Makamu wa Rais pale nafasi hiyo inapobaki wazi katikati ya kipindi, kama ilivyokuwa Machi 2021 kwa Dkt. Philip Mpango. Waliotazama matukio hayo wanaikumbuka bahasha iliyofungwa ikifikishwa kwa Spika mbele ya wabunge, ukumbi ukiwa kimya, kisha jina likisomwa, hoja ikitolewa na kura za siri zikipigwa. Kati ya kusomwa kwa jina na kura, mara nyingi hupita saa chache tu. Kule Seneti, kati ya kutangazwa kwa jina na kura hupita wiki kadhaa na wakati mwingine miezi, na yote yanayofuata hapa chini hufanyika ndani ya muda huo.

Hatua ya kwanza: fungua jalada siku jina linapotangazwa

Tenga jalada moja, la karatasi au la kompyuta, kwa ajili ya mteule huyo peke yake. Andika tarehe mbili kwenye ukurasa wa kwanza, yaani tarehe ambayo Rais alitangaza nia yake na tarehe ambayo jina lilifikishwa Seneti kwa maandishi. Tarehe hizi hazifanani, na tofauti yake ina uzito wa kisheria. Lee Zeldin, aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi kutoka New York, alitangazwa Novemba 2024, lakini jina lake lilifika Seneti rasmi tarehe 20 Januari 2025, siku Rais alipoapishwa. Katikati ya tarehe hizo, tarehe 16 Januari, kamati ilikuwa imekwisha kumhoji. Kamati inaruhusiwa kumsikiliza mtu anayetarajiwa kupendekezwa, ila haiwezi kupiga kura juu ya jina ambalo halijaletwa.

Jina likifika, makarani wa Seneti hulipa namba ya kumbukumbu inayoanza na herufi PN, na hupelekwa katika Kamati ya Mazingira na Kazi za Umma. Inukuu namba hiyo. Ukiiingiza katika tovuti ya congress.gov utaona kila hatua iliyopitiwa, pamoja na tarehe zake, na hutahitaji kutegemea taarifa ya mtu mwingine iliyotafsiriwa kwa haraka.

Katika jalada hilo weka pia historia ya kazi ya mteule: alimfanyia nani kazi, aliishtaki taasisi gani, aliitetea kampuni gani, alipiga kura gani kama aliwahi kuwa mbunge. Scott Pruitt, kwa mfano, alipopendekezwa Desemba 2016 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la Oklahoma na alikuwa ameifungulia EPA kesi mara nyingi akipinga kanuni zake. Michael Regan, aliyepita mwaka 2021, alikuwa ameongoza idara ya mazingira ya jimbo la North Carolina. Andrew Wheeler aliwahi kuwa mtetezi wa kampuni ya makaa ya mawe. Historia hizi ndizo zilizozaa maswali yao, na mwandishi asiyezijua atasikia swali la seneta bila kuelewa limetoka wapi.

Hatua ya pili: soma tamko la mali na barua ya maadili

Hapa ndipo ninapowasihi wasomaji wasiwe na haraka. Kabla ya kuhojiwa, mteule hujaza fomu inayoonyesha vyanzo vya mapato yake, hisa anazomiliki, madeni yake na nyadhifa alizoshika nje ya Serikali, na mara nyingi hisa na mapato ya mwenzi wake pia humo humo. Ofisi ya Maadili ya Serikali huikagua fomu hiyo, kisha hutolewa barua ambayo mteule ameahidi ndani yake kuuza hisa fulani, kujiuzulu nyadhifa fulani na kujiondoa katika mashauri yanayomgusa yeye au waajiri wake wa zamani. Fomu na barua hizo huwekwa wazi kwa umma. Idara ya upelelezi ya FBI nayo humchunguza mteule, ila ripoti hiyo hubaki siri na husomwa na maseneta wachache, kwa hiyo usijenge habari juu ya uvumi wa yaliyomo.

Ukiwa na fomu mkononi, chukua penseli na pigia mstari kila kampuni iliyotajwa. Halafu jiulize kama kampuni hiyo inatoa moshi, inatupa majitaka, inatengeneza kemikali, inachimba au inaomba vibali kwa taasisi ambayo mtu huyu anakwenda kuiongoza. Iwapo jibu ni ndiyo, tafuta katika barua ya maadili ameahidi nini kuhusu kampuni hiyo. Mahali ambapo kampuni ipo kwenye fomu na haipo kwenye barua ndipo swali lako lilipo.

Msomaji wa Tanzania ana pa kulinganishia. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 inamtaka kiongozi kuwasilisha tamko la rasilimali na madeni ndani ya siku 30 baada ya kushika wadhifa, kisha kila mwisho wa mwaka na anapoondoka. Kwetu tamko linakuja baada ya kiti, kule linakuja kabla, na tofauti hiyo ya mpangilio peke yake hubadilisha nguvu ya anayeuliza. Naliona hili kuwa jambo la msingi kuliko hata kura yenyewe, kwa kuwa mtu ambaye bado anaomba ridhaa hujibu kwa unyenyekevu ambao ni vigumu kuupata kwake akishaketi.

Hatua ya tatu: fuatilia kikao cha kumhoji

Kikao huonyeshwa moja kwa moja kwenye tovuti ya kamati na video hubaki hapo. Vikao vingi huanza saa 4 asubuhi ya Washington, ambayo ni saa 12 jioni ya Dodoma kuanzia Novemba hadi mapema Machi, na saa 11 jioni katika miezi mingine wanaposogeza saa zao mbele. Jipangie muda wa kutosha, kwani kikao kinaweza kuendelea hadi usiku wetu.

Kabla hakijaanza, andika majina ya wajumbe wa kamati na majimbo yao. Seneta anayetoka kwenye jimbo la makaa ya mawe, kama Wyoming au West Virginia, atauliza juu ya mitambo ya umeme na ajira za wachimbaji. Yule wa jimbo la mahindi, kama Iowa, atauliza juu ya nishati ya ethanoli, na anayetoka pwani atauliza juu ya mafuriko na kina cha bahari. Wanasiasa huwaulizia watu wao, kama vile mbunge wa Bahi atakavyoulizia mpunga na mabwawa kabla ya kuulizia hewa ya miji mikubwa.

Mwenyekiti hufungua, akifuatiwa na kiongozi wa wajumbe wa chama chenye wachache. Mteule husoma hotuba yake fupi, mara nyingi familia yake ikiwa imeketi nyuma yake. Kisha huulizwa maswali matatu ya kawaida ambayo watu wengi huyapuuza kwa kuwa majibu yake hufanana miaka yote: je, atakubali kufika mbele ya kamati kila atakapoitwa, je, atahakikisha nyaraka zinazoombwa zinatolewa kwa wakati, na je, kuna jambo lolote linaloweza kumtia katika mgongano wa maslahi. Yanukuu majibu hayo neno kwa neno pamoja na dakika yaliyotolewa kwenye video. Mwaka mmoja au miwili baadaye, mkuu huyo anapokataa kutoa nyaraka, nukuu hiyo ndiyo itakayokuwa na thamani kuliko nyingine zote ulizoandika siku hiyo.

Kwa maswali yanayofuata, chora jedwali la safu tatu: swali, jibu, ahadi. Safu ya tatu itabaki tupu mara nyingi, na utupu huo ni taarifa. Mteule aliyeandaliwa vizuri hujibu kwamba atafuata sheria, kwamba atawasikiliza wataalamu wa taasisi, au kwamba hajapata nafasi ya kulisoma suala hilo kwa undani. Majibu hayo hayambani. Ahadi ya kweli ina kitendo, ina kitu kinachotajwa kwa jina na, ikiwezekana, ina muda. Seneta mzoefu hulijua hilo, na utamwona akirudia swali lile lile kwa maneno mengine hadi apate "ndiyo" au "hapana". Usiandike kwamba mteule ameahidi kulinda maji safi ikiwa alichosema ni kwamba maji safi ni muhimu.

Hatua ya nne: tafuta majibu ya maandishi

Baada ya kikao maseneta hutuma maswali ya ziada kwa maandishi, na mteule hutakiwa kuyajibu kabla ya kura ya kamati. Nyaraka hizi ni ndefu na zinachosha, na ndiyo maana wengi hawazisomi. Gina McCarthy, aliyependekezwa na Rais Barack Obama mwaka 2013, alipokea maswali zaidi ya 1,000, mengi yakitoka kwa wajumbe wa chama cha upinzani cha Republican. Kwa upande mmoja idadi kama hiyo inaweza kuwa mbinu ya kuchelewesha. Kwa upande mwingine ndani ya rundo hilo hupatikana majibu mahususi ambayo hayakutolewa mbele ya kamera, kwa sababu jibu la maandishi hupitiwa na wanasheria na haliwezi kukanwa kwa kisingizio cha kuteleza ulimi.

Njia nzuri ya kuzisoma ni kutafuta kwa maneno. Chagua maneno matano au sita yanayohusu jambo unalolifuatilia, kwa mfano zebaki, risasi, maji ya ardhini, viuatilifu, majina ya mito, kisha soma maswali yenye maneno hayo tu. Linganisha jibu la maandishi na jibu la mdomo, na pale yanapopingana weka alama.

Hatua ya tano: kura ya kamati, akidi na ususiaji

Kamati inaweza kupendekeza jina lipitishwe, likataliwe, au lipelekwe ukumbini bila pendekezo lolote. Kinachostahili uangalifu wako hapa ni akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe wanaotakiwa kuwepo, kwani ndiyo silaha ya wachache. Kanuni ya kamati hii ilitaka wajumbe wasiopungua wawili wa chama chenye wachache wawepo ili kazi ya kupiga kura ifanyike. Mtu akisoma kanuni hiyo ataona mara moja kwamba wachache wakikaa nje, kura haipigwi.

Wameitumia mara tatu ndani ya kumbukumbu ya watu walio hai, na vyama vyote viwili vimefanya hivyo. Oktoba 2003 wajumbe wa Democratic walisusia kura ya Mike Leavitt, aliyekuwa gavana wa Utah, wakidai majibu yake hayakutosheleza. Hatimaye alithibitishwa mwezi huo huo kwa kura 88 dhidi ya 8. Tarehe 9 Mei 2013 ilikuwa zamu ya Republican kwa McCarthy, nao waliporejea wiki moja baadaye kamati ilimpitisha kwa kura 10 dhidi ya 8.

Mara ya tatu ndiyo inayofundisha zaidi. Asubuhi ya tarehe 1 Februari 2017 mwenyekiti John Barrasso wa Wyoming aliketi mbele ya chumba ambacho upande wake mmoja ulikuwa umejaa na upande wa pili ulikuwa na viti 10 visivyo na watu, vibao vya majina vikiwa mahali pake mezani. Wajumbe wa Democratic walisema Pruitt hakujibu maswali yao kikamilifu, na alikuwa amewaambia wengine waombe nyaraka hizo kwa ofisi yake mwenyewe ya Oklahoma kwa njia ya maombi ya kawaida ya umma. Kura haikupigwa siku ile. Siku ya pili yake wajumbe 11 wa chama chenye wengi walirudi, wakasimamisha kanuni ya akidi, na wakampitisha Pruitt kwa kura 11 bila hata moja ya kupinga, kwa kuwa wapinzani hawakuwamo.

Ukiripoti tukio la namna hii, eleza mambo mawili pamoja: kanuni ilisema nini, na nani aliisimamisha kwa mamlaka gani. Habari inayosema tu kwamba mteule amepita kwa kura zote 11 ni ya kweli na inapotosha kwa wakati mmoja.

Hatua ya sita: kutoka kamatini hadi ukumbini

Jina lililopita kamati huingizwa katika kalenda ya shughuli za kiutendaji. Seneta mmoja anaweza kutangaza zuio, maana yake ataukatalia ukumbi njia ya mkato ya kukubaliana bila kupinga, na hivyo kulazimisha taratibu ndefu zifuatwe. Zuio haliui jina, bali hulichelewesha, na mara nyingi hutumiwa kudai kitu kingine kisichohusiana na mteule kabisa.

Kushinda kuchelewesha huko kunahitaji kura ya kufunga mjadala. Hadi mwaka 2013 kura hiyo ilihitaji maseneta 60. Novemba mwaka huo Seneti ilibadili desturi yake, na tangu hapo wingi wa kawaida unatosha kwa maofisa wa Serikali. Aprili 2019 muda wa mjadala unaofuata baada ya kura hiyo ulipunguzwa kutoka saa 30 hadi saa 2 kwa nafasi nyingi zilizo chini ya ngazi ya mawaziri. Mabadiliko haya mawili yameifanya hatua ya ukumbini kuwa nyepesi sana, na yameihamishia kamati uzito wote. Anayesoma makala za zamani zinazozungumzia kura 60 asizitumie kueleza uteuzi wa leo.

Hata hivyo, kupita kamati si kupata kiti. Oktoba 2017 kamati hiyo hiyo ilimpitisha Michael Dourson, mtaalamu wa sumu aliyependekezwa kusimamia usalama wa kemikali ndani ya EPA, kwa kura 11 dhidi ya 10. Wiki chache baadaye maseneta wawili wa North Carolina, Richard Burr na Thom Tillis, wote wa chama cha Rais, walitangaza kwamba hawatamuunga mkono. Jimbo lao lilikuwa na kambi ya jeshi ya Camp Lejeune ambako maji ya kunywa yalichafuliwa kwa miaka mingi, na lilikuwa na kemikali mpya iliyogunduliwa katika mto Cape Fear. Desemba jina likaondolewa bila kura ya ukumbi. Wananchi walioandika barua na kupiga simu katika ofisi za maseneta hao walifanya kazi ambayo wajumbe 10 wa kamati hawakuweza kuifanya.

Muda nao una hila yake. Tarehe 16 Februari 2017 jaji mmoja wa Oklahoma aliamuru ofisi ya Pruitt itoe maelfu ya kurasa za barua pepe kati ya ofisi hiyo na kampuni za nishati, ambazo kikundi kimoja cha kiraia kilikuwa kimeziomba kwa zaidi ya miaka miwili. Wapinzani walikesha ukumbini wakiomba kura isogezwe. Kura ilipigwa kesho yake, naye akathibitishwa kwa 52 dhidi ya 46. Barua hizo zilitolewa tarehe 22 Februari, akiwa ameshaapa. Anayetaka nyaraka zimsaidie kumhoji mteule aziombe mapema, wakati ambapo jina lake bado linatajwa kwa minong'ono.

Hatua ya saba: kura ya ukumbi na yanayofuata

Karani huita jina la kila seneta, naye hujibu kwa sauti au kwa ishara, na orodha ya nani alipiga kura gani huwekwa kwenye tovuti ya Seneti siku ile ile. Wheeler alipita Februari 2019 kwa 52 dhidi ya 47, Regan Machi 2021 kwa 66 dhidi ya 34, na Zeldin tarehe 29 Januari 2025 kwa 56 dhidi ya 42. Usitosheke na jumla. Tafuta waliovuka mstari wa chama chao, kisha rudi katika jedwali lako uone waliuliza nini na walijibiwa nini. Hilo kwetu halifanyiki kwa uthibitisho wa Waziri Mkuu, kwa sababu kura ni ya siri na mpigakura wa jimbo hawezi kujua mbunge wake aliandika nini kwenye karatasi.

Endapo kiti kitabaki bila mtu aliyethibitishwa, sheria ya mwaka 1998 inaruhusu kaimu kukishika kwa siku 210 katika hali ya kawaida. Fuatilia siku hizo pia, maana kaimu husaini kanuni kama mkuu kamili.

Kuyatumia haya Dodoma

Kwa kuwa Mkurugenzi Mkuu wa NEMC hapitii kura ya Bunge, maswali ya aina hii hapa kwetu huulizwa kwa njia ya usimamizi, ambao Ibara ya 63 inalipa Bunge kwa niaba ya wananchi. Mahali pa kwanza ni Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Maji na Mazingira, ambayo hupitia makadirio ya Ofisi ya Makamu wa Rais, Muungano na Mazingira, kabla ya Mkutano wa Bajeti unaoanza Aprili. Mahali pa pili ni ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambayo huwasilishwa bungeni mwezi huo huo na hupitiwa na kamati za hesabu.

Andaa maswali yako Januari au Februari, kabla kamati hazijaanza kupitia makadirio. Yafanye machache na yawe na mahali: hali ya maji ya ardhini ya Makutupora, yanayohudumia jiji linalopanuka kila mwaka, na ukaguzi wa viwanda na makazi yanayoyasogelea, kinachofanyika katika ardhi ya Kondoa iliyomomonyoka, ambako mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973 na mifugo ikaondolewa mwaka 1979, na namna marufuku ya mifuko ya plastiki ya Juni 2019 inavyosimamiwa katika minada na magulio ya vijijini. Kwa kila swali eleza ni jibu la aina gani litakalotosha: tarehe, kiasi cha fedha, au jina la ofisi inayohusika.

Mkabidhi mbunge wako maswali hayo kwa maandishi, na mpelekee nakala mjumbe mmoja wa kamati. Yanaweza kuingia kama maswali ya msingi, kama mchango katika mjadala wa bajeti, au kufika kwenye Kamati ya Matumizi, ambako mbunge asiyeridhika anaweza kushika shilingi ya mshahara wa Waziri hadi apewe maelezo. Kushika shilingi ndiko kunakokaribiana zaidi na zuio la seneta, na kuna faida ya kufanyika hadharani. Jibu la Waziri litaandikwa katika Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, ambazo hupatikana kwa Kiswahili kwenye tovuti ya Bunge. Lipakue, linukuu katika safu ya tatu ya jedwali lako pamoja na tarehe ya kikao, kisha liweke ndani ya barua utakayomwandikia mbunge huyo kabla ya bajeti ya mwaka unaofuata.